Shule ya afya, mkondo wa afya au chuo cha mapema: mtoto anayetaka kazi za hospitali Marekani aende wapi?

Mtoto akifika darasa la 8 Marekani, vipeperushi vya shule za sekondari huanza kuingia nyumbani mapema msimu wa vuli. Katika miji mikubwa, kimojawapo huwa cha shule ya afya: vijana wamevaa sare za hospitali, nembo ya hospitali kubwa pembeni, na chini yake ahadi ya cheti cha kazi. Familia za Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya huielewa ahadi hiyo haraka, kwa kuwa nyingi tayari zina mtu anayefanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi. Ila njia za shule za umma zinazomfikisha mtoto kwenye kazi hizo ni tatu. Zote ni bure, na vipeperushi vyake vinafanana sana.

Tumeegemea Texas, hasa Houston, kwa kuwa aina zote tatu zinapatikana huko kwa karibu. Palipo na tofauti kubwa ya jimbo tumeitaja. Na msimamo wetu tuuseme mapema: jina la shule lina uzito mdogo kuliko mambo mawili, nayo ni mtoto anaingia akiwa darasa la ngapi na anataka kufika wapi.

Shule nzima ya afya

Hapa kila mwanafunzi yuko kwa ajili ya afya, kuanzia darasa la 9 hadi la 12. Houston ina DeBakey High School for Health Professions, iliyoanzishwa mwaka 1972 na wilaya ya shule ya mji huo pamoja na chuo cha udaktari cha Baylor. Tangu 2017 jengo lake liko Texas Medical Center, jirani na hospitali zenyewe. Kusini kabisa mwa jimbo, karibu na mpaka wa Meksiko, wilaya ya South Texas ina shule ya afya mjini Mercedes tangu 1984, inayopokea watoto wa kaunti tatu na kuwabeba kwa mabasi yake. Boston kuna Edward M. Kennedy Academy for Health Careers, iliyoanza 1995.

Kisha kuna shule mpya. Januari 2024 taasisi ya Bloomberg Philanthropies ilitangaza dola milioni 250 kwa ajili ya shule za afya katika maeneo 10 ya Marekani, kila moja ikifungamanishwa na hospitali. Upande wa kaskazini wa Houston, wilaya ya Aldine na hospitali za Memorial Hermann zilifungua HEAL mwaka huohuo, yenye mikondo mitano: uuguzi, tiba ya viungo, famasia, upigaji wa picha za mwili, na uendeshaji wa hospitali. New York walifungua ya kwao Queens mwaka 2025 pamoja na hospitali za Northwell. Shule ya Kennedy ya Boston nayo imo katika mpango huo.

Tofauti ambayo wazazi wengi huikosa iko ndani ya kundi hilihili. Shule kama DeBakey imejengwa kumpeleka mtoto chuo kikuu: hesabu na sayansi kila mwaka, masomo mengi ya AP (ya kiwango cha chuo), ushindani mkubwa wa kuingia. Shule kama HEAL imejengwa ili anayemaliza aweze kuanza kazi hospitalini akiwa na miaka 18, na chuo kinabaki wazi kwake. Mtoto anayetaka udaktari akienda ya pili hapotei, lakini itambidi aisukume shule impe hesabu na kemia za juu. Mtoto anayetaka kuanza kulipwa mapema akienda ya kwanza anaweza kumaliza na alama nzuri bila cheti cha kazi anachokitumia. Kwa hiyo swali la kwanza kwa shule yoyote yenye neno afya kwenye jina lake ni hili: mwaka jana wahitimu wangapi walikwenda chuo cha miaka minne, na wangapi waliajiriwa hospitalini?

Mkondo wa afya ndani ya shule ya kawaida

Karibu kila wilaya kubwa ina mkondo wa afya katika shule ya mtaani au katika kituo cha ufundi cha wilaya, ambako mwanafunzi hukaa nusu siku na kurudi shuleni kwake. Texas ngazi zake hufanana kila mahali: Misingi ya Sayansi ya Afya darasa la 9, Istilahi za Tiba darasa la 9 au 10, somo la nadharia na kliniki darasa la 11, na mafunzo kazini darasa la 12. Anatomia na fiziolojia huingizwa darasa la 11 au la 12.

Njia hii haina sifa ya jina, na wazazi huidharau. Sisi hatuidharau. Mtoto anabaki na timu yake ya mpira (shule nyingi za afya hazina timu kubwa za michezo, na kwa kijana mgeni nchini timu ndiyo mahali anapopata marafiki na Kiingereza). Anabaki pia na walimu wa Kiingereza cha wageni, ambao katika shule ndogo huwa mmoja au hakuna wa kutosha. Udhaifu wake ni kwamba ubora unategemea mwalimu mmoja. Mwalimu wa mkondo wa afya mara nyingi ni nesi aliyeacha wodi. Akihama katikati ya mwaka, ruhusa ya kufundisha CNA inaweza kusimama, na darasa zima likamaliza bila mtihani.

Chuo cha mapema

Hapa mwanafunzi husoma sekondari na chuo cha jumuiya kwa pamoja, akamaliza na diploma ya sekondari pamoja na shahada ya miaka miwili au krediti 60 hivi, yaani vipimo vya masomo ya chuo aliyofaulu. Texas kuna shule za chuo cha mapema na kuna P-TECH, ambazo hufungamana na mwajiri. Shule kadhaa za aina hizi zina upande wa afya.

| | Shule nzima ya afya | Mkondo wa shule ya kawaida | Chuo cha mapema |
|---|---|---|---|
| Kuingia | Maombi. Nyingine kwa alama, nyingine kwa bahati nasibu | Kuchagua masomo na mshauri wa shule | Maombi darasa la 8, kisha mtihani wa utayari wa chuo |
| Kuingia baada ya darasa la 9 | Vigumu | Inawezekana hadi darasa la 11 | Vigumu sana |
| Anachotoka nacho | Maandalizi ya chuo, au cheti cha kazi, kutegemea shule | Cheti cha kazi kama mwalimu na mtihani vipo | Krediti za chuo, mara nyingine shahada |
| Hatari kuu | Safari ndefu, mzigo wa masomo | Kumaliza bila kufanyiwa mtihani | Alama mbaya za chuo zisizofutika |

Cheti cha kazi: saa, umri na mtihani

Vipeperushi hutaja vyeti kwa wingi. Uzito wake haulingani.

CNA ndicho kinachojulikana zaidi kwa jamii yetu. Sheria ya taifa inataka mafunzo ya angalau saa 75, na 16 kati yake ziwe za vitendo chini ya usimamizi. Majimbo huongeza: Texas saa 100 (60 za darasani, 40 kwa wagonjwa), California 160, Maine 180. Saa hizo hazina msamaha. Kipindi cha shule cha dakika 90 kinahitaji mara 40 kumaliza zile 60 za darasani, na mwanafunzi aliyekosa siku mbili za kliniki kwa sababu ya msiba au safari anaweza kunyimwa mtihani hata kama ana alama za juu kabisa. Zaidi ya hapo, Texas humtaka mwanafunzi ahudhurie asilimia 90 ya siku za somo ndipo apewe krediti yake. Familia iliyopanga kwenda nyumbani wiki tano za Desemba na Januari iupange mwaka huo usiwe wa kliniki.

Mtihani wa CNA una sehemu mbili. Ya kwanza ni maswali, na sheria inamruhusu mtahiniwa kuomba asomewe. Mtoto mwenye Kiingereza cha masikio kuliko cha macho aitumie haki hiyo, na iombwe wakati wa kujiandikisha. Ya pili ni vitendo vichache mbele ya mtahini, kunawa mikono kukiwamo. Wanaoanguka sehemu hii huwa wanajua kazi. Wanaangushwa na mambo madogo ya usalama: kusahau kufunga breki za kiti cha magurudumu kabla ya kumhamisha mgonjwa, kutovuta pazia, kuondoka bila kuacha kengele karibu na mkono wake, au kuandika mapigo ya moyo yaliyotofautiana mno na aliyohesabu mtahini. Mazoezi ya nyumbani yanasaidia sana hapa, kwa kuwa kupima mapigo hakuhitaji kifaa zaidi ya saa yenye mshale wa sekunde.

Cheti hiki kina uhai. Aliyekaa miezi 24 mfululizo bila kufanya kazi ya uuguzi ya malipo analazimika kurudia. Kijana aliyekipata Mei akaenda chuo na kuzama vitabuni anaweza kukipoteza kimyakimya, kwa hiyo achukue hata zamu chache za likizo.

Cheti cha mchukuaji wa damu ya vipimo, kinachotolewa na shirika la NHA na kufundishwa katika sekondari nyingi, kinataka mwanafunzi awe amechukua damu mshipani mara 30 na kwenye kidole mara 10, kwa watu halisi. Shule isiyo na maabara ya kliniki inayokubali vijana itapata shida kuzitimiza, na hapo ndipo kozi inapobaki ya kwenye karatasi. Uliza vitendo hivyo vinafanyikia wapi.

Mhudumu wa gari la wagonjwa, EMT, ana kikwazo cha umri: Texas haitoi cheti kwa aliye chini ya miaka 18. Mwanafunzi wa miaka 17 anaweza kumaliza kozi yote, kisha akasubiri siku yake ya kuzaliwa. Kwa watoto walioandikiwa tarehe ya kuzaliwa isiyo sahihi katika karatasi za ukimbizi, hili si jambo dogo. Tarehe iliyo kwenye kitambulisho ndiyo itakayofuatwa.

Umri unagusa kazi pia. Sheria ya taifa haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kuendesha peke yake mashine ya umeme ya kumwinulia mgonjwa. Mwenye miaka 16 au 17 aliyefunzwa anaweza tu kumsaidia mtu mzima. Nyumba nyingi za kulelea wazee huona usumbufu na kukataa kuajiri wa miaka 17. Shule iliyofungamana na hospitali hukwepa tatizo hilo kwa kumpa kijana kazi nyingine za wodini.

Na kuhusu kipato, takwimu za Wizara ya Kazi za 2024 zinaonyesha kuwa mshahara wa kati wa msaidizi wa muuguzi ulikuwa karibu dola 39,500 kwa mwaka, na wa muuguzi aliyesajiliwa karibu dola 93,600. Mtaalamu wa tiba ya upumuaji, anayeweza kufika huko kwa shahada ya miaka miwili, alikuwa karibu dola 80,000. Tofauti hiyo ndiyo sababu tunawasihi wazazi wasiichukulie CNA kama mwisho wa safari ya mtoto wa miaka 18, hasa pale mama au shangazi alipoishikilia miaka kumi kwa kukosa nafasi ya kusoma.

Krediti za chuo: faida kubwa, makosa ya kudumu

Krediti za chuo sekondarini huokoa pesa nyingi. Tangu 2023 Texas ina mpango wa FAST: mwanafunzi anayestahili chakula cha bure halipi ada ya krediti hizo katika vyuo vilivyojiunga. Wengi hukosa kwa sababu shule yao inampa kila mtoto chakula cha bure, wakadhani hakuna fomu ya kujaza. Fomu ya kipato cha familia ijazwe hata hivyo, kwani ndiyo inayothibitisha kwamba anastahili.

Upande wa pili ni kwamba alama ya chuo haifutiki. Mtoto wa miaka 16 aliyepata D katika anatomia ataiona D hiyo akiomba shule ya uuguzi miaka minne baadaye, kwa kuwa shule za uuguzi huomba transkripti (rekodi za masomo na alama) za vyuo vyote. Kama wiki ya nne mtoto anazama, ajitoe kwenye somo kabla ya tarehe ya mwisho ya kujitoa. Tarehe hiyo ni ya chuo, na mara nyingi hailingani na kalenda ya sekondari.

Mengine mawili ya kuuliza. Shule nyingi za uuguzi hazikubali masomo ya sayansi yaliyozidi miaka 5 au 7, kwa hiyo fiziolojia iliyosomwa mapema sana inaweza kurudiwa. Pia shahada za miaka miwili ni za aina mbili: ya kitaaluma, AA au AS, huhamishika kirahisi kwenda chuo kikuu, na ya ufundi, AAS, mara nyingi huhamia kwa krediti chache. P-TECH nyingi hutoa AAS. Anayetaka kuanza kazi haimdhuru. Anayelenga udaktari humchelewesha.

Mtoto aliyefika nchini akiwa na miaka 16 au 17

Hawa ndio tunaowahofia zaidi. Shule nzima za afya huchukua karibu wote darasa la 9, na kijana aliyetoka kambi ya Nyarugusu au Kakuma, au sekondari ya Bukavu, hupimwa kwa transkripti asiyokuwa nayo. Kwake mkondo wa shule ya kawaida ndio chaguo, na si la kuonea aibu.

La kwanza ni kupigania krediti. Ripoti za shule, cheti cha darasa la saba, matokeo ya kidato cha pili, "bulletin" za Kongo, vyote vipelekwe hata kama ni picha za simu. Mwanafunzi aliyewekwa darasa la 9 akiwa na miaka 17 angeweza kuwa la 10 kwa karatasi mbili. Texas inamruhusu kuandikishwa mtu aliye chini ya miaka 21 tarehe 1 Septemba, kwa hiyo muda upo, lakini unahesabika.

La pili ni lugha. Texas hudai krediti mbili za lugha nyingine. Wilaya nyingi hukubali mtihani wa kuthibitisha lugha badala ya darasa, na Kiswahili au Kifaransa vinaweza kuziba nafasi hizo mbili. Kipindi kinachookolewa ndicho kinachotosha kuingiza Misingi ya Afya na Istilahi za Tiba mwaka mmoja. Mshauri wa shule anaweza asilitaje, kwa hiyo uliza kwa jina: mtihani wa krediti ya lugha.

La tatu, Kiingereza kidogo si sababu halali ya kumfungia mtoto nje ya mkondo wa afya. Wanafunzi wanaojifunza Kiingereza wana haki sawa ya kuingia programu za wilaya, na mzazi ana haki ya mkalimani katika kikao cha kupanga masomo. Mtoto asigeuzwe mkalimani wa kikao chake mwenyewe. Shule ya umma vilevile haina ruhusa ya kumkataa mtoto kwa hali yake ya uhamiaji. Mahakama Kuu ya nchi iliamua hivyo mwaka 1982. Cheti cha kazi ni jambo jingine: maombi mengi huomba namba ya hifadhi ya jamii, kwa hiyo familia inayosubiri hifadhi ya ukimbizi iulize mapema ni cheti kipi mtoto anaweza kusajiliwa.

Chanjo na kipimo cha kifua kikuu

Hospitali haipokei mwanafunzi wa kliniki bila rekodi kamili: surua, tetekuwanga, pepopunda, homa ya ini B, mafua ya msimu na kipimo cha kifua kikuu. Homa ya ini B kwa ratiba ya kawaida ni dozi tatu ndani ya miezi sita, hivyo asiye na rekodi aanze kabla ya likizo ya kuingia darasa la 11.

Watoto waliochanjwa BCG, na karibu wote wa kwetu huchanjwa wakiwa wachanga, wanaweza kuonyesha majibu ya uongo kwenye kipimo cha ngozi. Kisha hufuata picha ya kifua, barua ya daktari na wiki za kusubiri huku wenzao wameanza kliniki. Omba kipimo cha damu tangu mwanzo. Ndicho kinachopendekezwa kwa aliyechanjwa BCG, na shule au kliniki ya kaunti ikielezwa sababu huwa inakubali. Karatasi za uchunguzi wa afya za uhamiaji mara nyingi zina nusu ya chanjo hizo, zisitupwe.

Siku ya kutembelea shule

Acha maabara yenye vitanda na sanamu za wagonjwa. Kila shule inayo. Muulize anayekupokea maswali haya, na uandike majibu: mwaka jana wangapi walianza darasa la CNA, wangapi walifanya mtihani, wangapi walifaulu; ada ya mtihani inalipwa na nani; kliniki inafanyika jengo gani na saa ngapi; basi linampeleka au anatakiwa kuwa na gari. Swali la basi limeacha watoto wengi nje, kwa sababu zamu za kliniki huweza kuanza alfajiri na kuishia mbali na shule.

Maombi ya shule za wilaya ya Houston kwa kawaida hufunguliwa msimu wa vuli, na awamu ya kwanza hufungwa Desemba. Omba shule nzima ya afya na mkondo kwa pamoja, kwani kuomba moja hakuzuii nyingine. Nafasi ikikosekana awamu ya kwanza, mtoto abaki kwenye orodha ya kusubiri hadi Agosti, kwa sababu familia huhama na nafasi hufunguka kiangazi.

Kwa kaka au dada aliyepitwa na umri wa shule kabisa, Texas kuna sekondari za watu wazima wa miaka 18 hadi 50, kama Excel Center ya Goodwill mjini Austin, zinazotoa diploma kamili ya sekondari bila ada pamoja na vyeti vya kazi, vya afya vikiwamo. Nyingi zina sehemu ya kuangalizia watoto wakati mzazi yuko darasani. Hapo asitafutiwe GED (mtihani wa cheti kinachochukua nafasi ya diploma ya sekondari) kwanza bila kulinganisha.